Jibu la Kwanza Lilikuwa Ndiyo

Wanangu wa chumba cha usajili,

Diane wa chumba chenu alinipigia simu juzi akasema mnataka niwaandikie kurasa chache kuhusu ile programu ya kuainisha vifaa tiba, kwa kuwa wapya mmeingia na hakuna aliyebaki anayezijua njia zangu za mkato. Hayo maneno, njia za mkato, aliyasema haraka kama mtu anayeruka dimbwi. Yeye anajua kwa nini. Ninyi hamjui, na ndiyo sababu nimekubali kuandika.

Najua mnaniita Muzehe A, yaani Mzee A. Msidhani sikusikia. Jina hilo lilianza nikiwa bado kazini, na sitawaficha, nililipenda. Kwa wale walioingia wiki hii na bado wanapotea kwenye ngazi: kila kitu ambacho kampuni kama yetu inakileta nchini kwa ajili ya mgonjwa, kuanzia pamba mpaka mashine ya moyo, hupangiwa daraja kulingana na madhara kinachoweza kuleta. A ni kitu kisicho na makuu, D ni kitu kinachoweza kuua. Ukiwa na A unapeleka karatasi chache serikalini na mzigo unatoka. Ukiwa na C au D, mzigo unakaa bohari ya uwanja wa ndege, Kanombe, huku wewe ukitafuta ripoti za vipimo, barua za mtengenezaji na ushahidi wa kila waya. Programu inakuuliza maswali, unabonyeza ndiyo au hapana, na mwishoni inakuonyesha herufi ndani ya kisanduku cha rangi. Changu kilikuwa cha kijani karibu kila siku. Hapo ndipo lilipotoka hilo jina.

Sasa nitasema jambo mapema, ili msisome mkicheka halafu mkaja kujilaumu kama mimi. Kuna mwanamke hapa Remera aliyepoteza kazi na jina lake kwa sababu ya kitu nilichobonyeza nikiwa nimekaa kwenye kiti kile chenye gurudumu bovu, ambacho nasikia mnacho mpaka leo. Anaitwa Espérance. Alikuwa muuguzi. Sasa anauza maziwa.

Nianze na mtu aliyenifundisha, maana yeye hakunifundisha ubaya. Marehemu Gaspard alikuwa mfamasia wa zamani, amekulia Bujumbura, shati limenyooshwa mpaka mikunjo inakata, na Kiswahili chake kilikuwa na Kifaransa ndani kila baada ya maneno matatu. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Ngara, Tanzania, nilikokulia. Nilijua kuandika barua nzuri na basi. Wakati huo hapakuwa na programu yoyote. Palikuwa na chati ya karatasi ukutani, imeshikiliwa na plasta ya hospitali, yenye mishale inayokwenda huku na huku, na chai imeimwagikia pale kwenye daraja B.

Gaspard hakuanza na chati. Alianza na katoni. Alikuwa anaifungua, anakitoa kifaa, anakichomeka kwenye umeme kama kina umeme, kisha anajivika mwenyewe. Siku moja alishinda na kile kitambaa cha kupimia shinikizo la damu kwenye mkono tangu asubuhi mpaka saa za kutoka, akipokea wageni nacho, akila nacho ugali. Nilipomuuliza anatafuta nini, aliniambia anataka kujua mgonjwa anasikia nini ikifika jioni. Halafu akaniuliza swali ambalo alikuwa analiuliza kwa kila kifaa, awe amekichoka au amekipenda.

"Mon petit, mwanangu, hapa utamlaza nani?"

Hata kama kifaa si cha kulaliwa, swali lilikuwa lilelile. Utamlaza nani. Ukimjibu "mgonjwa" anakasirika. Alitaka umtaje: mzee mwenye kisukari asiyesikia miguu yake, mama aliyetoka kujifungua, mtoto asiyeweza kusema panamuuma. Ukishamtaja, anakwambia sasa nenda kwenye chati.

Programu ilipokuja, Gaspard alikuwa anajiandaa kustaafu, na aliitazama kama mtu anayetazama mkwe asiyemwamini. Mimi niliipokea kwa mikono miwili. Wiki ya kwanza nikaaibika nayo vizuri sana. Tulileta vijiti vya mbao vya kukandamiza ulimi, vile ambavyo daktari anakwambia sema aa. Programu ikaniuliza kama kifaa kinaingia mwilini. Nikafikiri, kinaingia mdomoni, na mdomo ni mwili, nikabonyeza ndiyo. Ikaniuliza kinaingia kupitia tundu la asili au kupitia upasuaji. Sikusoma hadi mwisho, nikabonyeza la pili. Vijiti vyangu vikatoka daraja C. Nikakaa siku tatu nikimwandikia mtengenezaji nikidai ushahidi wa kitabibu wa vijiti vya mbao, na yule bwana akanijibu kwa heshima akiuliza kama niko salama. Gaspard alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaniambia kosa la kuogopa kupita kiasi linarekebishika, mtengenezaji atakucheka na mzigo utachelewa, basi. Lile lingine, la kutoogopa, hakulitaja.

Kwa hiyo chukueni hili kwa faida yenu. Someni swali mpaka nukta. Muda wa matumizi uandikeni kama anavyokitumia muuguzi, si kama anavyotamani muuzaji. Na muuzaji asiketi kando yenu mnapojaza. Mtoeni, mpeni chai huko nje, mwambieni kiti kina gurudumu bovu.

Mimi sikumtoa. Nilikuwa nimeshagundua kitufe cha kurudi nyuma.

Mnakijua, kipo kushoto chini, na mshale. Kiliwekwa kwa ajili ya mtu aliyekosea kama mimi na vijiti vyangu. Lakini nilivyozidi kuizoea programu niliona kwamba ukibadilisha jibu moja mapema, maswali yote ya mbele yanabadilika, na herufi ya mwisho inashuka. Nikaanza kujiuliza kwanza nataka herufi gani, halafu natafuta majibu ya kunifikisha hapo. Nilinunua daftari la shule, la jalada la bluu, nikawa naandika: kwa vitanda, pita hapa, kwa mirija, sema muda ni mfupi, kwa taa, sema ni ya kumulikia tu. Sikuandika uongo mtupu. Kila jibu lilikuwa na ukweli wake ukiligeuza kidogo. Bosi wetu alikuwa ametuwekea imihigo, malengo ya mwaka ambayo kila mmoja anayatia sahihi na kusomewa mbele ya wenzake, na langu lilikuwa mafaili yatoke ndani ya wiki mbili. Nilikuwa nalipita kila mwaka. Wenzangu walikuwa wanakuja kuliazima lile daftari wakiliita Biblia ya Muzehe, nami nikiwa mlokole wa Kianglikana nacheka nao.

Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Yale magodoro yalikuja mwaka ambao mvua ilikaa sana na vituo vya afya vya milimani vikawa vinalalamika kwamba watoto njiti wanapata baridi. Ni kifaa kidogo kizuri ukikiona. Godoro lenye nyaya ndani, na kisanduku cha kudhibiti joto chenye namba nyekundu. Unaunganisha kwa waya, unamlaza mtoto, namba inakuonyesha joto. Muuzaji wetu alikuwa ameshaahidi vituo kadhaa, na katoni zilikuwa zimeshashuka Kanombe.

Niliketi, naye kando yangu. Maswali yakaja. Kifaa kinatumia umeme? Ndiyo. Kinapeleka joto kwenye mwili? Ndiyo. Kisha likaja lile refu: kwa kuzingatia hali ya anayetumiwa kifaa na mahali kinapowekwa, je, joto hilo linaweza kuwa na hatari? Nakumbuka vizuri kwamba nilimsikia Gaspard. Hapa utamlaza nani? Nilimwona mtoto wa kilo moja na kitu, mgongo wake haujafika upana wa kiganja changu, asiyeweza hata kujigeuza. Nikabonyeza ndiyo. Kwenye skrini kisanduku kikatoka cha rangi ya machungwa, daraja C, na orodha ya kinachohitajika. Ya kwanza ilikuwa ripoti ya kipimo inayoonyesha kwamba namba inayoonekana kwenye kisanduku ndiyo joto lililo chini ya mtoto. Mtengenezaji hakuwa nayo. Nilishamwuliza, akaniambia labda baada ya miezi sita.

Muuzaji aliguna tu na kutazama saa. Ningekuwa naweza kuwaambia kwamba alinilazimisha, ningelala vizuri zaidi, lakini hakunilazimisha. Nilitaka kijani. Nilitaka atoke mle ndani akawaambie wenzake kwamba Muzehe ameipata tena.

Nikarudi nyuma, nikajaribu kusema joto halina hatari. Ikatoka B, nayo ilidai ripoti ileile. Nikarudi tena, nikasema ni kitu cha kumstarehesha tu mtoto. Haikukubali. Nikarudi mara ya tatu, nikakwama. Mara ya nne nikapata ujanja ambao siku ile niliuona wa akili sana. Vitu vilikuja katika katoni mbili zenye namba mbili tofauti. Godoro lenyewe, likiwa peke yake kwenye katoni, halichomekwi popote. Kwa hiyo nikasajili godoro kama godoro lisilotumia umeme, daraja A. Kisanduku nikakiandika katika faili jingine kama kidhibiti joto cha matumizi ya kawaida, ambacho hata si kifaa tiba. Kitu kimoja nikakifanya viwili, na kijitabu cha maelekezo, chenye picha ya hivyo viwili vikiwa vimeunganishwa na mtoto juu yake, nikakiacha nje ya mafaili yote. Nilikitia kwenye droo yangu. Muuzaji akaenda vituoni akawafundisha wauguzi kwa mdomo namna ya kuunganisha.

Ndani ya wiki mbili magodoro yalikuwa milimani, na kila aliyepita mlangoni kwangu alinipa mkono.

Mtoto mmoja aliungua mchana, katika kituo kimoja cha huko milimani. Alikuwa na siku nne. Muuguzi wa zamu alikuwa Espérance, peke yake na wodi nzima, na kila nusu saa alikuwa anasoma namba kwenye kisanduku na kuiandika: thelathini na saba, thelathini na saba, thelathini na saba. Alipomwinua mtoto ili mama amnyonyeshe, mgongo ulikuwa umebadilika rangi na ngozi imeanza kuachia. Mtoto alipona. Naandika hilo haraka kwa sababu ndilo jambo pekee katika habari hii ninaloweza kuliandika bila kuona haya. Lakini alama anayo, na atakuwa nayo.

Baadaye fundi wetu alinieleza kwa siri kosa lilikuwa nini. Kipande cha kupimia joto kilikuwa kimeshonewa pembeni mwa godoro, ambako ni baridi, na katikati palikuwa pa moto zaidi. Ile ripoti niliyoikimbia ingeonyesha hivyo siku ya kwanza. Tulikusanya magodoro yote kutoka vituoni tukisema ni matengenezo, na hayakurudi. Bosi hakuuliza, na sisi hatukumwambia.

Wachunguzi wa serikali walikuja kwetu kuomba faili. Diane ndiye aliyekuwa na kazi ya kulitoa kwenye mfumo. Alikuwa na mwaka mmoja tu hapo, binti mtulivu, aliyesomea famasia, ananiita Muzehe kwa adabu yote. Akafungua faili mbele yangu, akashuka chini ya ukurasa mahali ambapo sikuwa nimewahi kufika. Sikujua kwamba programu inaweka kumbukumbu ya kila kitufe. Kila ndiyo, kila hapana, kila kurudi nyuma, pamoja na saa na jina langu. Alisoma, kisha akaweka kidole kwenye skrini.

"Muzehe, hapa iko mara ine. Umerudi nyuma mara ine." Akapandisha kidole. "Lakini jibu la kwanza iko ndiyo."

Nilihisi joto usoni, mzee wa umri wangu, kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni. Halafu nikafanya jambo baya kuliko yote, baya kuliko hata yale magodoro, kwa sababu kwenye magodoro sikujua kitakachotokea, na hapa nilijua. Nilimwambia achapishe ukurasa wa mwisho tu.

Akachapisha.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na kisanduku cha kijani. Wachunguzi walisoma kwamba godoro ni daraja A na halitumii umeme. Walisoma kwamba kisanduku ni kitu kingine kabisa kisichohusu wagonjwa. Kwa hiyo wakauliza swali ambalo mtu yeyote mwenye akili angeuliza: ni nani aliyeviunganisha? Ni Espérance aliyeviunganisha, kwa mikono yake, kama muuzaji wetu alivyomfundisha, na muuzaji alipoulizwa alisema hakumbuki. Tena zile thelathini na saba zake zikamgeuka. Mtoto ameungua, na wewe umeandika thelathini na saba toka asubuhi? Basi ulilala, na namba ukazijaza baadaye. Ndivyo barua yao ilivyosema. Alifukuzwa kazi, na barua ikaenda pia kwa wanaotoa leseni za wauguzi.

Mimi nilibaki. Nilipita malengo yangu mwaka ule pia.

Nilipostaafu mlinifanyia sherehe, baadhi yenu mlikuwepo. Bosi alisifu sana. Zawadi ilikuwa saa ya ukutani yenye herufi A ya kijani katikati, na wote tulicheka, mimi nikicheka kwa sauti kuliko wengine. Watu walipoanza kula, Diane alinisogelea na soda yake. Alisema polepole kwamba yule muuguzi yuko Remera, kwenye duka la maziwa nyuma ya kituo cha basi. Akaenda kukaa na wenzake.

Ilinichukua wiki kadhaa kwenda. Nilijiambia nakwenda kumwona tu. Ni duka dogo, meza nne, ndoo za chuma, bango la ng'ombe mlangoni. Yeye ni mwanamke mwembamba wa makamo, mkarimu, Kiswahili chake ni kile cha Bujumbura kinachokwenda taratibu. Niliagiza maziwa ya moto. Akayamimina kwenye kikombe kikubwa cha kioo, na kabla ya kunipa akaweka mgongo wa kiganja chake kwenye kikombe, akasubiri, ndipo akakiweka mezani. Nilidhani ni kwa sababu ya umri wangu. Lakini alifanya vilevile kwa kila mteja. Hata aliyeagiza ikivuguto, yale maziwa ya mgando ya baridi, yeye aliweka mkono kwanza.

Nilikunywa maziwa yangu, nikalipa, nikaondoka bila kujitaja. Nikarudi wiki iliyofuata. Nikawa mteja. Akawa ananiita muzehe wangu, ananiwekea kiti cha karibu na dirisha, ananiuliza habari za magoti. Miezi minane, wanangu. Nilikuwa nakaa pale namtazama akipima vikombe kwa mkono, najua sababu, na ninakunywa. Sijui mtu wa namna hiyo anaitwaje, na ningejua nisingeandika hapa.

Siku niliyosema haikuwa na jambo lolote la pekee. Duka lilikuwa na wateja wawili tu, wanafunzi. Aliniletea kikombe, nami nikamshika mkono wa nguo ili asiondoke.

"Espérance, yale magodoro ya watoto, yale ya kisanduku cha namba nyekundu. Ni mimi niliyeyaandikia karatasi."

Hakuuliza magodoro gani. Alibaki amesimama na kitambaa cha kufutia meza. Nikamweleza yote, daraja, kitufe, kijitabu ndani ya droo, ukurasa wa mwisho. Sikuyapanga vizuri. Nikamweleza na kile kipande kilichoshonewa pembeni, kwamba kisanduku kilikuwa kinaonyesha thelathini na saba hata wakati katikati pakiungua. Hapo ndipo alipoketi.

"Kwa hiyo namba nilizisoma."

Nikamwambia kwamba mimi sikuwepo wodini, lakini namba alizoziandika ndizo ambazo kisanduku kile kingeonyesha. Fundi alikipima.

"Basi sikulala," akasema. Alisema kama mtu anayejaribu kiatu kuona kama kinamtosha. "Muzehe, walinambia mpaka nikaamini. Nilienda kwa padri nikaungama. Niliungama kwamba nililala mtoto akaungua. Kila Kwaresima naungama tena."

Nilianza kumwomba msamaha. Alinikatisha, bila kupandisha sauti. Aliniuliza nimeanza kunywa maziwa yake lini. Nikamwambia, kabla ya Noeli. Akauliza kama siku ya kwanza nilikuwa nimeshajua yeye ni nani. Nikasema nilijua. Akachukua kikombe changu, kilikuwa hata nusu sijafika, akaenda nacho nyuma, nikasikia maziwa yakimwagwa.

Aliporudi alisema nisimwombe msamaha mbele ya wateja. Alisema niende nikaandike, na niandike kwa wale walioandika kwamba alilala.

Niliandika. Diane alitoa kumbukumbu yote kwenye mfumo safari hii, kurasa zote, na akaandika barua yake mwenyewe kuhusu ule ukurasa mmoja, ingawa nilimsihi aniachie mzigo mimi. Alikataa, akasema, "Oya, hapana, Muzehe. Kuprinti nilifanya mimi." Tulipeleka Kacyiru, kwenye ofisi ya wachunguzi, pamoja na kijitabu na lile daftari la bluu, kwa hiyo msilitafute. Fundi naye akaandika alichokipima. Wale wageni walioketi na bosi wiki iliyopita, mkawa mnanong'onezana ni watu wa kodi, sasa mnajua walikuja kwa nini. Nami wameniita mara mbili, na wataniita tena. Nikiulizwa najibu, wala sijachukua mwanasheria.

Barua ya Espérance ilitoka kabla ya yangu, ambayo bado naingoja. Walimpigia simu akaichukue, akaniambia nije dukani. Nilikuta amevaa miwani ya kusomea ambayo sikuwahi kumwona nayo. Barua inasema kwamba hakukuwa na uzembe wowote kwa upande wake, na kwamba leseni yake inarudi kama ilivyokuwa. Aliisoma mara mbili, mara ya pili akifuata mistari kwa kidole. Nilimwuliza kama atarudi wodini. Akasema hajui, mikono yake bado haiamini namba. Akaikunja barua, akaiweka chini ya kopo la sukari.

Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwa nalijua. Kila mwaka, siku ya kuzaliwa ya yule mtoto, anapeleka maziwa nyumbani kwao Kanombe; kule milimani mama alikuwa amekwenda kwa wazazi wake kujifungua. Lita tano kwenye kibuyu cha plastiki, anapanda moto, yaani pikipiki ya abiria, amekipakata kibuyu mapajani, na mama wa mtoto anampokea mlangoni. Mwaka wa kwanza yule mama hakufungua. Mwaka wa pili alifungua, akachukua maziwa, akafunga mlango. Mpaka leo ni hivyohivyo. Espérance anasema mbabarira, nisamehe, yule mama anatikisa kichwa, na Espérance anarudi dukani. Baba wa mtoto anafanya kazi uwanja wa ndege, upande wa mizigo. Sijathubutu kuuliza kama ni yeye aliyeteremsha zile katoni.

"Ni Jumamosi ya wiki ijayo," Espérance akasema. "Anatimiza saba. Mwaka huu utapeleka wewe."

Nikamwuliza nitasema nini mlangoni. Alikuwa ameshainuka kumhudumia mteja. Aliweka mgongo wa mkono kwenye kikombe, akasubiri, akakipeleka mezani.

Kwa hiyo ninyi mliotaka njia za mkato, hizi ndizo kurasa zenu, na naomba radhi kama mlitegemea nyingine. Leo ni Alhamisi. Nimekaa na karatasi nyingine kando ya hii, ninaandika maneno ya kumwambia yule mama. Mara ya kwanza niliandika: Ni mimi niliyemuunguza mtoto wako, na nilijua. Nikaona ni makali mno, nikafuta. Nikaandika kuhusu mtengenezaji, nikafuta. Nikaandika kuhusu malengo ya mwaka na mvua na vituo vilivyokuwa vinangoja, nikafuta. Nikaandika kwamba hakuna aliyekusudia, nikafuta na hilo. Ndipo nikahesabu, nikakuta nimefuta mara nne.

Nitakwenda na lile la kwanza.